Jina Haliugui

Nesi hakujua kukaa. Ukimpa kiti anakalia nusu ya tako, nusu nyingine iko njiani. Alikuwa amestaafu hospitali kubwa ya mjini, akarudi kwake hapa Kinoo, nyumba ya pili kutoka kwangu, lakini miguu yake haikupata habari ya kustaafu. Asubuhi unamwona kando ya barabara na vile viatu vyeupe vya kazi, anaenda mbio kama kuna mtu anatokwa damu mahali. Unamwuliza, "Nesi, wapi hivyo?" Anakujibu bila kusimama, "Kuangalia watu wanakula nini."

Sijui alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani, na sitajifanya najua. Nilimjua miaka kumi na kitu, jirani, tena jirani wa kunikera. Mimi ni mwanamke wa ng'ombe. Nilisoma hadi darasa la tatu, nikaolewa, nikazaa wasichana wawili, nikawalea kwa maziwa, na wote wawili wamesoma mpaka wakanipita mbali. Leo nina wajukuu watano na hakuna hata mmoja mjinga. Mtu kama mimi hapendi kufundishwa katika boma lake mwenyewe. Na huyu alikuja kunifundisha kila wiki. Lakini niseme ukweli, maana umri wa kuuficha umenipita: binti yangu mmoja yuko hai kwa sababu ya mdomo wa huyo mwanamke, na nusura afe kwa sababu ya mdomo wangu.

Nianze na mdomo wake.

Watu wengine husalimu. Yeye alikuwa na swali. Mnakutana mara ya kwanza, kanisani, saluni, popote, hata jina lako hajalijua vizuri, anakuuliza, "Mama yako alikufa na nini?" Ukisema mama yangu yuko hai, anakushika mkono kwa furaha. "Haya, na nyanya yako?" Watoto wakimwona wanakimbia. Kwenye mazishi ndiko alikuwa mbaya kabisa. Kwetu mtu akifa wanatangaza kwamba ameugua kwa muda mrefu, basi, wanaimba. Nesi anainama kwa jirani yake na kunong'ona ule mnong'ono wake unaosikika mpaka kwa waliobeba jeneza: "Muda mrefu ni ugonjwa gani?"

Kuna siku wageni walitoka Limuru kuja kuposa msichana wa hapa jirani. Nesi alikuwa upande wetu. Msemaji wao, mzee wa kofia na fimbo nzuri, ameanza yale maneno matamu ya kwamba wameona ua katika boma hili. Nesi akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Kabla hatujafika mbali, baba. Huko kwenu watu hufa na nini?"

Mzee akatafuta pa kuangalia.

"Mama, sisi tumekuja kuposa. Hatujakuja kliniki."

"Ndiyo. Na wajukuu watakaozaliwa watakuwa na damu ya kwenu nusu. Nauliza hiyo nusu."

"Baba yangu alikufa na tumbo," mzee akasema kwa hasira, ili yaishe.

"Tumbo gani? Ini? Utumbo? Koo?"

"Tumbo!"

"Tumbo ni chumba, mzee wangu. Mimi nauliza nani alikuwa ndani."

Wanawake walimwinua wakampeleka jikoni akapakue. Mimi nilikuwa huko nachambua njahi, yale maharagwe yetu meusi, na nilicheka mpaka nikakosea, nikatupa njahi nikabaki na mawe. Lakini haikupita nusu saa, yule mzee akaingia jikoni polepole, eti anatafuta maji. Akasimama karibu na Nesi. Akasema kwa sauti ndogo kwamba baba yake mwisho alikuwa hawezi kumeza hata uji, na ndugu ya baba vilevile. Nesi hakumcheka. Alimwuliza chai anainywaje.

"Ikiwa moto. Chai baridi ni ya nini?"

"Basi wewe, zaidi ya hawa wote, uiache ipoe. Na ukiona chakula kinakwama, usiende kwa mtu wa dawa za ulcers. Uende hospitali wiki hiyo hiyo."

Mzee akaitikia kwa kichwa kama mtoto.

Kwa chakula alikuwa mkali vilevile. Mkobani mwake mlikuwa na kisu kidogo cha kukunja. Akienda bucha na watu, nyama ikiletwa, anaanza kukata sehemu zote nyeusi, anazisukuma kando ya ubao mpaka kunakuwa na kichuguu. Mchomaji mmoja wa hapo barabarani alikuwa akimwona tu anashika kichwa. "Mathe, hapo ndipo utamu uko!" Naye anasema, "Hapo ndipo makaa yako. Kama nataka kula makaa nitanunua gunia." Hakukataza watu nyama. Alitaka iwe kidogo, iive bila kuungua, na sahani iwe na mboga za majani, terere au sukuma, za kutosha. Pombe za vichochoroni alizikataa, na sigara hakutaka hata kusikia harufu yake.

Tuligombana mimi na yeye kwa sababu ya mahindi. Mvua ilikuwa imeingia stoo, gunia moja likaota kuvu, kijani kijani hivi. Mimi si mtu wa kutupa. Nikayasaga kwa ng'ombe. Akanikuta namwaga kwenye karai.

"Mama Nyambura, hayo ni ya nani?"

"Ya ng'ombe. Watu hawayali, tulia."

"Sumu ya kuvu haikai kwa ng'ombe. Inatoka na maziwa, inaenda kukaa kwenye ini la mtu. Na wewe unauzia watoto wa mtaa mzima."

Akabeba lile karai yeye mwenyewe akalimwaga kwenye shimo la choo. Sikumsemesha wiki mbili. Nikipita kwake natazama mawingu. Lakini mahindi yenye kuvu sikumpa ng'ombe tena, na hiyo sikumwambia.

Sasa, msifikiri alikuwa malaika. Huyo mtu wa kupozea wazee wa Limuru chai, chai yake mwenyewe aliinywa ikifoka. Thermos ikifunguliwa, mvuke unamwingia machoni, na yeye tayari amepiga funda. Nikamwambia siku moja, "Nesi, wewe ni mwongo." Akasema, "Nimepiga kelele mchana kutwa, acha koo lipate zawadi." Na alikuwa na ugoro. Aliuweka kwenye kikopo cha dawa ya kuchua, ili watu wafikiri ni dawa. Akitaka kunusa anageukia ukuta kama msichana anayefunga sidiria. Mjukuu wangu, ambaye humwita nyanya kwa Kikuyu, akamwuliza, "Cucu, si ulisema tumbaku ni mbaya?" Nesi akapiga chafya, akafuta pua, akasema, "Ni mbaya sana. Ndiyo maana nakuambia mapema, mimi nilichelewa kuambiwa."

Kulikuwa na mwalimu wa Sunday school hapa, mwanamke safi, hali nyama, hanywi, hajawahi hata kukaa karibu na mtu wa sigara. Kansa ikamshika utumbo. Watu walimcheka Nesi waziwazi. Mchomaji alisimama mlangoni na uma wake, akapaza sauti, "Mathe! Mboga zako zimefanya nini?" Nesi akageuza njia. Alikuja kwangu, akazunguka boma mara tatu, akasimama karibu na jiko nilipokuwa napika.

"Angalia hili jiko," akasema. "Kuna mtu amezaliwa na jiko limejaa makaa makavu. Amepewa na mama yake au baba yake, hakuomba. Mwingine jiko lake lina makaa mawili tu, tena mabichi. Chakula kibaya, sigara, pombe, hivyo ni kiberiti. Mwenye makaa machache akiwasha kiberiti kila siku, mwisho moto utashika. Mwenye jiko limejaa anaweza kukaa mbali na kiberiti maisha yake yote, na cheche ikatoka tu, haijulikani wapi."

"Basi mboga ni za kazi gani?"

"Za kupunguza kiberiti. Hazitoi makaa. Ndiyo maana nauliza watu walikufa na nini, Mama Nyambura. Nataka mtu ajue jiko lake lina nini, aliangalie."

Akaniangalia. Mimi nikakoroga sufuria. Nikajua swali linakuja, na likaja.

"Wewe hujawahi kuniambia mama yako alikufa na nini."

"Kifua," nikasema.

Sasa huo ndio mdomo wangu.

Mama yangu alikufa kwa titi. Lilianza kama punje, likawa ngumi, likapasuka. Sisi wasichana tulimwosha kwa maji ya chumvi na kufukuza nzi. Lakini titi halikuwa neno la kusema mbele ya watu. Ungesimamaje mbele ya wazee, kaburi liko wazi, useme titi? Tukasema kifua. Watu wakafikiri ni TB, tukawaacha wafikiri. Baadaye dada yangu mkubwa naye akashikwa vilevile, akafa vilevile, tukasema kifua tena. Ukisema neno miaka arobaini linakuwa kweli. Wasichana wangu walikua wakijua nyanya yao na shangazi... nasema nini, mama yao mkubwa, waliuawa na kifua.

Lakini moyoni nilijua. Na nilikuwa na hesabu yangu. Sisi Wakikuyu, msichana wa kwanza anapewa jina la mama ya baba yake. Wa pili anapewa la mama ya mama. Na tunaamini yule aliyepewa jina ni yule mwenyewe amerudi. Msichana wangu wa kwanza ni Nyambura, jina la mama mkwe wangu, mwanamke wa mawe aliyekufa kwa uzee, akiwa bado anatukana watu vizuri. Wa pili ni Wairimu. Wairimu ni mama yangu.

Basi nikamlinda Wairimu. Tangu mdogo, nyama yake nilikata sehemu iliyoungua. Maziwa yake hayakutiwa sukari. Alipoota matiti nilikuwa namwangalia akioga, na yeye ananirushia sabuni, "Mum, toka!" Alipoolewa nilimsumbua aende akapimwe, bila kumwambia sababu, mpaka akaenda tu ili ninyamaze. Na Nyambura je? Nyambura nilimwacha. Yeye alikuwa karani huko mjini, mchana anakula chipsi na soseji za River Road, mimi nacheka. Nilisema huyu ana jina la mawe.

Nyambura ndiye aliyepata uvimbe.

Alikuja Jumapili moja na mtoto wake wa mwisho, bado ananyonya. Tuko mezani, akaniambia kama mtu anayesimulia habari za mvua. Amehisi kitu kama harage, upande wa kushoto. Ameenda kwa daktari mmoja Hurlingham.

"Ameniuliza kama kwetu kuna mtu amewahi kuugua titi. Nikamwambia hapana, kwetu ni kifua. Akaandika hakuna. Amesema labda ni maziwa yameganda, nirudi baada ya miezi mitatu. Mum, mbona humalizi chai?"

Nilitoka nikaenda kukata majani ya ng'ombe. Siku ya Jumapili, na nguo za kanisa. Nyambura akarudi kwake jioni. Jumatatu nilikata majani tena. Jumanne pia. Majani yalijaa boma mpaka ng'ombe wakayalalia. Usiku nililaza panga kando ya kitanda. Jumatano Nesi akaja, akaangalia ule mlima wa majani, akaniangalia mimi.

"Umenunua ng'ombe wangapi?"

Nikamwambia yote, nikiwa nimempa mgongo. Nilitaja na majina. Nikamwambia haiwezekani, Nyambura si wake, Nyambura ni wa mama mkwe.

"Dada yako aliyekufa," Nesi akasema, "aliitwa nani?"

"Njeri."

"Njeri ni wa nani?"

"Wa mama ya baba yetu."

"Kwa hiyo hakuwa na jina la mama yako."

"Hapana."

"Na titi lilimwua."

Panga likaniponyoka. Miaka yote hiyo, na jambo hilo sikuwa nimeliona. Lilikuwa mbele yangu kama ng'ombe mlangoni.

"Jina haliugui, Mama Nyambura," akasema. "Jina ni la kuita mtu aje kula. Damu haiulizi mtoto anaitwa nani. Wasichana wako wote wawili walitoka kwako. Pengine mmoja amepata hayo makaa na mwingine hakupata, pengine wote, pengine hakuna. Lakini wewe umemwambia daktari jiko ni tupu."

"Sikumwambia mimi!"

"Nani alimfundisha Nyambura kusema kifua?"

Nilimtukana. Nilimwita mchawi wa mazishi, nikamwambia aende akanuse ugoro wake. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Vaa viatu."

Tulifika Hurlingham nikiwa bado na majani kwenye kitambaa cha kichwa. Nyambura tulikuwa tumempigia simu, akatoka kazini akatukuta pale mlangoni, hajui kitu. Ndani watu wamekaa kimya, wamevaa vizuri. Nikaenda kwa msichana wa dirishani. Nikasema nimekuja kurekebisha maneno ya binti yangu. Akauliza maneno gani. Nikasema, "Ameandikwa kifua..." nikashika ukingo wa dirisha. Nesi alikuwa nyuma yangu, anapigapiga kiatu chini. Hakunisaidia hata kwa neno moja.

"Ni titi," nikasema. "Mama yangu alikufa kwa titi! Na dada yangu alikufa kwa titi!"

"Cucu, sauti chini kidogo," yule msichana akasema.

"Nimeishusha miaka arobaini. Andika!"

Watu wote waligeuka. Mzee mmoja akafunika uso na gazeti. Lakini daktari alitoka mwenyewe, akatuingiza, akauliza upya moja moja, nani, umri gani, upande gani. Hawakungoja tena miezi mitatu. Walichoma sindano, wakatoa kipande, na kikarudi na jibu ambalo sitaki kulirudia. Lakini daktari alisema ni changa. Wakamkata titi la kushoto. Akatiwa dawa, nywele zikaenda, zikarudi na mawimbi ambayo hakuzaliwa nayo.

Nyambura hakulia siku ile ya jibu. Aliniuliza tu, "Mum, ulijua?" Nikasema nilijua. Akaninyima sauti yake wiki tatu, na ilinifaa. Aliyemrudisha ni Nesi. Alienda kwake kila siku kumlazimisha ale, na siku moja akamwambia, "Mama yako alidanganya miaka arobaini, akasema kweli mbele ya watu wote wa Hurlingham. Wengi hufa na uongo wao." Hayo niliyasikia kwa Nyambura, si kwa Nesi.

Wairimu alipimwa tena, safari hii akijua sababu. Hakukuwa na kitu. Anarudi kila mwaka.

Kisha mwana wa Nesi akaja kumchukua, akampeleka mtaa wa Jamhuri kuishi naye, kwa sababu macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu na alikuwa amegongwa na baiskeli mara mbili. Mtaa ulitulia. Mchomaji akaniambia amekosa mtu wa kumtukana. Nikakaa miezi, nikaona siwezi. Siku moja ya Jumatatu nikabeba maziwa nikaenda.

Nilimkuta anazunguka meza ya jikoni, mkono mmoja juu ya meza ili asipotee. Alinijua kwa hatua.

"Mama Nyambura. Maziwa ya mahindi gani?"

"Ya majani matupu, wewe mzee mbaya."

Tukacheka. Nikamwagia chai, akainywa vilevile ikifoka. Akauliza habari za Nyambura. Nikamwambia yuko kazini, amenenepa, chipsi ameacha siku tatu kwa wiki na siku zingine ananidanganya. Akauliza Wairimu. Nikamwambia. Akazunguka meza tena.

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Wewe umepimwa lini?"

Nilishangaa kweli. Sikuwa najifanya. Kwa ile hesabu yetu ya majina, nyanya anarudi kwa mjukuu. Mama aliye katikati ni mlango tu, watu wanapita. Hesabu niliikataa kwa kichwa siku ile ya panga, lakini mwilini bado nilikuwa naishi ndani yake. Nilikuwa nimewapeleka wote Hurlingham, nimekaa kwenye lile benchi mara ngapi sijui, nimeshika mikoba yao. Hakuna siku nilifikiri mkoba wangu ushikwe na mtu.

"Mimi ni mzee," nikasema. "Titi langu limekwisha, ni soksi."

"Hata soksini huingia kijiwe. Funga mlango."

Nikafunga. Akanawa mikono kwa maji ya moto, akaipangusa, akaisugua mpaka ikapata joto. Nikafungua vifungo nikitazama ukuta, kulikuwa na kalenda ya duka la mbegu. Hakuna mtu aliyewahi kunishika hapo isipokuwa mume na watoto. Vidole vyake vilikuwa vikavu na vyepesi. Vilizunguka pole pole, kutoka nje kuingia ndani, hakuna haraka hata kidogo, mimi nikashangaa kwamba huyu mtu alikuwa na upole wa namna hiyo siku zote na sikujua ulikuwa umekaa wapi.

Upande wa kulia akamaliza. Akahamia kushoto. Akapanda juu, karibu na kwapa. Vidole vikasimama. Vikapita. Vikarudi.

"Inua mkono."

Nikainua.

"Unasikia maumivu?"

"Hapana."

Akabonyeza tena mahali pale pale. Macho yake meupe yalikuwa yanaangalia dirisha.

"Leo ni siku gani?" akauliza.

"Jumatatu."

"Funga nguo yako. Kesho Hurlingham wanafungua saa mbili."

Jumanne nilifika saa kumi na mbili na nusu. Askari alikuwa bado hajafungua lango. Aliniuliza, "Shosho, umeleta mgonjwa?" Nikamwambia, "Nimemleta. Fungua."